Neno Moja Mbele ya Jaji

Hukumu ilikuwa na kurasa kumi na moja, na Mzee Samansi alianza kuisoma kutoka mwisho. Binti yake, aliyeiweka mezani kwa mikono miwili kama mtu anayetua sinia la glasi, alimtazama kwa mshangao. Alitaka baba yake aone ukurasa wa tatu, pale palipoandikwa kwamba ndoa imevunjwa na kwamba mtoto atakaa na mama yake. Nyuma palibanwa tafsiri yenye muhuri, aliyoilipia ukurasa kwa ukurasa. Lakini mzee alikuwa mpeleka wito wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja, na mtu wa kazi ile haanzii kwenye uamuzi. Anaanzia kwenye karatasi ya mwisho kabisa, ile inayoonyesha wito ulipokelewa na nani na lini.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu, baba."

"Yako?"

"Kule ughaibuni wito unaletwa na mtu wa posta. Anasaini mtu mzima yeyote wa nyumbani."

"Yeyote isipokuwa yule anayeshtaki, mwanangu."

"Jina la ukoo ni moja. Mtu wa posta aliona mwanamke mwenye nyumba amefungua mlango, akanipa kalamu. Na mimi ndiye niliyekuwa nasaini kila kitu mle ndani. Barua za shule, za umeme, hata za kazini kwake. Maandishi ya kule yalimpiga chenga baba Chiriku mpaka siku anaondoka. Nilisaini kama ninavyosaini siku zote. Hata sikufikiri."

"Halafu ukampa mkononi?"

"Nilikuwa nawahi zamu. Nilimwekea mezani, nikaweka kikombe juu yake. Niliporudi asubuhi karatasi hazikuwepo. Nani mwingine angezichukua? Chiriku alikuwa na miaka mitano."

Siku tisa baadaye mume yule, baba Chiriku, alimchukua mtoto, akasema anakwenda nyumbani kumwonyesha bibi yake mgonjwa, wiki tatu tu, na hakurudi. Mahakama ya kule ilimsubiri, ikamkosa, ikaamua bila yeye. Binti alihangaika karibu miaka miwili kupata vibali na likizo ya kuja na hizo kurasa kumi na moja.

Mkewe mzee, aliyekuwa akipiga pasi pembeni, alisimamisha pasi. "Sasa kuna ubaya gani? Si ana muhuri?"

"Muhuri anao," mzee alisema. Akazipanga karatasi vizuri, kona kwa kona, akazirudisha kwenye bahasha. Mkewe alikuwa ameishi naye vya kutosha kujua kwamba akipanga karatasi namna ile, mambo si mazuri.

*

Wakili alikuwa mwanamke mfupi, mwenye ofisi juu ya duka la viatu. Viti vilikuwa viwili, vya binti na mama yake, kwa hiyo mzee alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Nitawaambia ukweli ili tusichoshane," wakili alisema. "Hukumu ya nje haifiki hapa ikatekelezwa kama ilivyo. Lazima Mahakama Kuu iitambue kwanza. Na jaji atauliza maswali machache tu. Je, mahakama ile ilikuwa na mamlaka? Ndiyo. Je, hukumu ni ya mwisho? Ndiyo. Je, huyu bwana aliitwa akajitetee?" Aligonga ile karatasi ya mwisho kwa kucha. "Hapa ndipo watakapotubana. Katika majibu yake kwa maombi yetu ameapa kwamba hakuwahi kuona wito. Anasema alikwenda kumwona mama yake, huku nyuma mkewe akajisainia talaka."

"Mwongo huyo!" mama alisema.

"Inawezekana, mama. Lakini sahihi ni ya mkewe."

"Nikishindwa je?" binti aliuliza.

"Unafungua shauri jipya hapa hapa, la mtoto, tangu mwanzo. Mwaka, mwaka na nusu. Na itabidi uwepo."

Binti alicheka kicheko kikavu. Kibali chake cha kukaa kule kilikuwa kikiisha mwezi ule, na asiporudi kukihuisha angepoteza kazi ya kuwaogesha wazee, chumba, na kila alichokuwa amekisema mahakamani kwamba ataweza kumlea mtoto. Alikuwa na siku ishirini na mbili.

Wakili aliegemea mbele. "Kitu kimoja kinaweza kutuokoa. Kama kuna mtu aliyemsikia akisema amezipata zile karatasi. Mtu yeyote wa kuaminika. Alizungumza na nani kabla hajasafiri?"

"Alipiga simu," mama alisema haraka. "Wiki ile ile. Aliongea na huyu." Akageuka, na wote watatu wakamtazama mzee pale mlangoni.

"Alipiga, ndiyo," mzee alisema.

"Alisema nini?"

"Alinisalimia. Akasema mama yake anaumwa mgongo. Akasema, 'Baba, mambo ya huku yamenichosha.'"

"Hakutaja karatasi?"

Mzee aliizungusha kofia mkononi. Chini, muuza viatu alikuwa akimhakikishia mteja kwamba kiatu kitatanuka kikivaliwa.

"Fikiri kwanza, mzee," wakili alisema, naye akatazama pembeni. "Bado kuna siku kumi na mbili kabla ya kusikilizwa."

*

Mtaani walimwita Samansi, jina la wito wenyewe, tangu enzi za kazi. Watu wazima na heshima zao walikuwa wakimwona anakunja kona na mfuko wake wa ngozi, wanatokea mlango wa jikoni. Safari moja alimngoja mtu kwenye kinyozi mpaka yule bwana, ndevu nusu zimenyolewa nusu zipo, akasalimu amri. "Leta, Samansi. Bora nife nimenyolewa pande zote." Mzee hakuwahi kumwachia mtu wito kwa jirani, kwa shemeji wala kwa mke. Mkononi mwa mwenyewe, kisha ofisini anaapa: nilimkuta mahali fulani, saa fulani, nikampa. Kwa hiyo ile sahihi ya binti yake ilimuuma mahali pawili.

Alifikiri njia ya kiungwana ingekuwa kwenda kumuuliza mkwe mwenyewe.

Mkwe alikuwa fundi wa mafriji. Karakana yake ilijaa milango isiyo na friji na friji zisizo na milango, na mirija ya shaba ikining'inia ukutani. Alipomwona mzee aliinuka, akafuta mikono, akamletea kiti, akakipangusa mara mbili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sijaja kwa ugomvi."

"Najua, baba. Wewe si mtu wa ugomvi. Umekuja na karatasi?"

"Nimestaafu. Nimekuja na swali. Zile karatasi za kule, ulizipata?"

Mkwe aliokota bisibisi, akaitazama kama hajawahi kuiona. "Baba, mimi nakuheshimu kuliko baba yangu mzazi. Lakini hilo mwachie jaji."

"Mtoto anamlilia mama yake."

"Mtoto ana bibi, ana shule, ana marafiki. Kule alikuwa analelewa na majirani. Mama yake zamu ya usiku, mimi zamu ya mchana, tunapishana mlangoni kama mabasi. Ndiyo maisha hayo, baba?" Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Mimi sikumwiba. Nilimleta nyumbani."

Sehemu ya maneno yale ilikuwa kweli, na mzee alilijua hilo.

Chiriku aliingia kutoka shule, mkoba umemzidi mgongo. Jina hilo alilipata alipokuwa mdogo, kwa sababu hakunyamaza hata akila. Sasa alimwamkia babu yake kwa adabu, akasimama kando ya goti lake, kimya, akichezea kifungo cha koti lake. Kisha akainama kwenye sikio lake.

"Babu, mama bado hajapata likizo?"

Mzee alimtazama mkwe wake. Mkwe aliinamia kompresa, akakaza skrubu iliyokuwa imeshakazwa. Binti alikuwa amefika wiki ya tatu sasa. Alikuwa akilala mitaa minne kutoka hapo.

"Ameshapata," mzee alisema. "Yuko kwangu."

Bisibisi iligonga sakafu. "Baba!" mkwe alisema. "Nimekupa kiti!"

Tangu siku ile lango la karakana lilifungwa mzee alipokaribia, na Chiriku akawa anarudi kutoka shule kwa njia nyingine.

*

"Ungemjibu kwa akili," mkewe alimwambia. "Ungesema, 'Yuko njiani.' Sasa hata wewe humwoni tena."

Walikuwa wamekaa uani, yeye akichambua maharage, mzee akimsaidia vibaya. Binti alikuwa ndani amelala, au amejilaza tu.

"Ameniuliza mtoto," mzee alisema. "Ningemdanganya vipi?"

"Kwa mdomo! Kama wenzako wanavyodanganya." Alitupa kokoto. "Na wiki ijayo jaji atakuuliza. Nisikilize, Samansi. Miaka arobaini sijakuomba neno. Sikukuomba uhamie ofisi yenye marupurupu, sikukuomba upokee bahasha za watu waliotaka usiwaone. Nakuomba neno moja. Karatasi. 'Alisema amepata karatasi.' Basi."

"Hakusema."

"Lakini alizipata! Wewe unajua, mimi najua, hata paka wa nyumba hii anajua. Si uongo. Ni kweli, ila inapita njia ya vichochoroni."

Mzee alitabasamu bila kutaka. Mkewe hakutabasamu.

"Nimeapa mara elfu ngapi sijui," mzee alisema. "Watu wamepoteza nyumba kwa kiapo changu. Wamefungwa. Walikubali kwa sababu walijua Samansi akisema alikupa, alikupa. Nikisema hili moja la uongo, yale mengine yote yanakuwa nini?"

"Yanakuwa karatasi za zamani kwenye kabati lenye mende." Sauti yake ilikatika. "Yule ndani si karatasi. Unamsikia? Anajifanya amelala ili tusimsikie."

Kwenye mlango wa uani pazia lilitikisika. Binti alitoka, macho yamemvimba, akaketi katikati yao, akavuta ungo magotini mwake.

"Mama, mwache baba," alisema. "Asije akasema kitu halafu akashindwa kukaa nacho. Mimi nataka mtoto wangu, lakini sitaki kumnunua kwa baba."

Walichambua maharage wote watatu mpaka ungo ukaisha.

*

Jaji alikuwa mtu wa mvi, na zamani, alipokuwa wakili kijana mwenye suti moja, Mzee Samansi ndiye aliyempelekea wito wa kesi zake. Alipomwona anapanda kizimbani alivua miwani.

"Mzee, bado uko nasi?"

"Bado nipo, mheshimiwa."

"Niweke kwenye kumbukumbu," jaji aliwaambia mawakili, "kwamba shahidi huyu namfahamu kwa kazi yake tu. Viapo vyake vya kupeleka wito vimepita mezani pangu kwa mamia. Sikuwahi kuona hata kimoja kikipingwa kikaanguka. Kuna pingamizi?"

Wakili wa mkwe alisimama, akamnong'oneza mteja wake. Mkwe alitikisa kichwa. "Hakuna, mheshimiwa," wakili alisema.

Ilikuwa sifa, na mzee aliihisi mabegani kama gunia. Aliapa. Wakili wao aliuliza taratibu, swali moja baada ya jingine, kama mtu anayemshika kipofu mkono mpaka mlangoni. Simu ilipigwa? Ndiyo. Lini? Jumanne. Walizungumza kwa muda gani? Kama dakika saba.

"Katika mazungumzo hayo, mjibu maombi alikwambia lolote kuhusu karatasi za mahakama?"

Binti alikuwa ameketi wima kwenye benchi la mbele, mikono mapajani. Mama yake alikuwa akimtazama mumewe bila kupepesa, midomo ikienda polepole, ikimtengenezea lile neno. Mkwe alikuwa ameinamisha kichwa.

Mzee alifungua mdomo. Kulikuwa na kitambo kidogo ambapo hata yeye hakujua kitatoka nini.

"Alisema mambo ya kule yamemchosha."

"Karatasi, mzee. Alitaja karatasi?"

"Hakutaja."

Mkewe alifumba macho. Karani aliandika. Jaji alivaa miwani yake tena na kusema, "Asante, mzee, shuka polepole, ngazi hizo zina utelezi."

Uamuzi ulisomwa Alhamisi, kwa dakika nne. Mahakama haikuwa na shaka kwamba hukumu ya kule ilitolewa kwa nia njema. Lakini mtu hawezi kupokea wito kwa niaba ya yule anayemshtaki, na hapakuwa na ushahidi kwamba mjibu maombi aliujua. Kwa hiyo hukumu haiwezi kutekelezwa hapa. Mwombaji ana ruhusa ya kufungua shauri jipya. Kwa sasa mtoto abaki alipo, na mama apewe muda wa saa mbili Jumamosi, katika ofisi ya ustawi wa jamii, mbele ya ofisa.

Binti aliuliza kwa sauti ya chini, "Ndiyo imekwisha?" Wakili akamshika kiwiko.

Kwenye korido, mama na binti wakiwa wametangulia, mtu alimgusa mzee begani. Alikuwa mkwe wake. Alikuwa amevaa koti lililokuwa kubwa kwake, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia.

"Sikulala usiku wa kuamkia ushahidi wako," mkwe alisema. "Nilijua utasema nimekwambia habari za karatasi. Mwenyewe nilisema, mzee akisema hivyo, nakaa kimya, namwachia mama yake mtoto. Ningeanzaje kukubishia? Nikuite mwongo, wewe, mbele za watu?" "Ungesema tu, baba, nisingekupinga."

"Kwa hiyo ulizipata?"

Mkwe alitazama viatu vyake. Alikaa hivyo muda ambao mtu angeweza kujibu swali lile mara kumi. Kisha akageuka, akaenda zake, akipishana na watu waliokuwa wakisubiri kesi zao.

*

Ofisi ya ustawi ilikuwa na meza, kalenda ya mwaka uliopita, na kapu la midoli iliyochoka. Ofisa aliweka saa yake ya mkononi mezani, akafungua faili, akajifanya anasoma. Mzee na mkewe waliruhusiwa kukaa kwenye kona.

Chiriku alisimama mlangoni akimtazama mama yake. Binti alikuwa amepiga magoti sakafuni tangu waliposikia hatua nje. Alimsemesha kwa lugha ya kule, maneno mawili matatu, yale waliyokuwa wakiambiana asubuhi kabla ya shule. Mtoto alikunja uso.

"Nimesahau," alisema. "Wamenicheka shuleni, nikaacha."

"Haidhuru. Haidhuru kabisa, mwanangu. Njoo."

Alikwenda. Alikaa kwenye mapaja ya mama yake akiwa amekakamaa kama mgeni, kisha kidogo kidogo mgongo ukalegea. Binti alimfumua nywele, akamsuka upya, mistari midogo midogo, bila kuharakisha. Alipomaliza upande mmoja ofisa alisema zimebaki dakika ishirini, na vidole vya binti vikaanza kukosea. Mtoto alitaka kwenda chooni. Alinyoosha mkono juu, kama darasani, akamwomba ruhusa ofisa.

Ofisa, mwanamke mtu mzima, aliinua macho. "Mwombe mama yako, mpenzi."

Mtoto alimtazama mama yake, kisha ofisa, kisha akashusha mkono. "Basi nitajikaza," alisema.

Aliondoka na upande mmoja umesukwa vizuri na mwingine umefungwa tu.

*

Siku ya safari, mzee alimbebea binti yake sanduku mpaka kituoni, ingawa lilikuwa na magurudumu. Mama alibaki nyumbani. Alikuwa amemuaga mwanawe mlangoni, na tangu Alhamisi ile hakuwa amemsemesha mumewe, isipokuwa kumwambia chakula kiko mezani.

Walikaa kwenye benchi. Gari lilikuwa bado. Binti alikuwa ameamua: atahuisha kibali, ataomba likizo isiyo na malipo, atarudi kufungua shauri jipya. Alisema mwaka mmoja, na mzee akasema ndiyo, mwaka mmoja, ingawa alijua mashauri yale yanavyokwenda. Alijua pia umri wa mtoto, na alivyokuwa amesahau lugha nzima ndani ya miezi ishirini na kitu.

"Baba."

"Naam."

"Mama atakusamehe. Mpe muda. Mimi sina kinyongo, nataka ulijue hilo." Alikuwa akiviringisha tiketi, akiifungua, akiiviringisha tena. "Kuna kitu kimoja tu nakifikiria kila nikifumba macho. Nakisema ili kinitoke. Hivi hata ungelisema lile neno, isingesaidia, si ndiyo? Angekukana. Angesimama aseme, 'Mzee anadanganya,' ingebaki neno lako na lake, na wewe tungekuaibisha bure."

Mzee alitazama njia ambayo gari lingetokea. Kumwambia maneno ya mkwe ya koridoni kungemaanisha binti apande gari na kitu kile, akalale nacho kwenye chumba chake kule, aamke nacho kwenda kuogesha wazee wa watu.

"Baba? Angekukana tu?"

"Angenikana, mwanangu," Mzee Samansi alisema. "Palepale. Nilimwona usoni."

Binti alishusha pumzi, ndefu, ya kwanza ya namna ile tangu afike. Alilaza kichwa kwenye bega la baba yake, akasinzia pale pale, na mzee akakaa bila kujitikisa mpaka gari lilipofika na ikambidi amwamshe.